Mamlaka ya Rufaa: Kutoka Bombay hadi Moshi

Mtahiniwa, mamlaka ya rufaa ni uwezo wa mahakama ya juu kupitia uamuzi wa mahakama ya chini. Uwezo huo hutolewa na sheria; ukaribu wa mahakama hauutoi.

Mfano wa kihistoria: Mwishoni mwa karne ya 19, raia wa Uingereza aliyeshindwa kesi katika mahakama ya konseli Zanzibar aliweza kukata rufaa Mahakama Kuu ya Bombay, India, ng'ambo ya bahari. Sheria ya Uingereza ilielekeza hivyo. Mamlaka hayo hayakufika Moshi, iliyotawaliwa na Wajerumani. Mangi Meli aliponyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, hakuwa na mahakama ya kukimbilia.

Leo: Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kukata rufaa. Kesi ya wizi wa ndizi iliyoamuliwa na Mahakama ya Mwanzo hupanda hivi:
1. Mahakama ya Wilaya
2. Mahakama Kuu
3. Mahakama ya Rufani (ilianzishwa 1979), kwa hoja ya kisheria

Zingatia: Ukiruka Mahakama ya Wilaya, unapoteza alama.

Zoezi: Kwa nini rufaa ni kinga ya mnyonge? Toa hoja tatu.