Kwa Nini Keki ya Jibini Hupasuka?

Keki ya jibini yenye matabaka huwa na biskuti zilizosagwa na kuchanganywa na siagi chini. Jibini laini, mayai na sukari katikati. Na stroberi juu. Tabaka la katikati hugandishwa na protini za mayai. Zikipata joto, protini hizo hukunjuka, kisha hushikana na kufanya wavu unaonasa maji. Joto likizidi, wavu hujikaza, maji hutoka, na keki hupasuka.

Kwa hiyo chombo cha keki huwekwa ndani ya sufuria pana yenye maji ya moto. Hata tanuri likifikia nyuzi 160 za Sentigredi, maji hayo hayapiti nyuzi 100. Keki huepuliwa kingo zikiwa zimeganda na kitovu kikitikisika kidogo, kwani joto lililobaki hukamilisha kazi. Ikishapoa, hupambwa kwa stroberi.

Zoezi: Eleza kwa nini maji hayo hayapiti nyuzi 100.