ESANSI IKIMWAGIKA, TUFANYE NINI?

Mvuvi wa Makobola hutia esansi katika mota ya mtumbwi wake. Mwenye pikipiki huinunua katika chupa kando ya barabara, kwa wale wauzaji ambao watu wa miji ya Kongo huwaita Kadhafi. Malori ya mafuta nayo hupita katika barabara zetu. Kitu hiki chatusaidia kila siku, lakini kina tabia yake, na yafaa kila mtu wa nyumba aijue, mkubwa kwa mdogo.

Kwanza tupatane juu ya majina. Ndugu zetu wa Tanzania husema petroli, nao wana maana ya kile tunachokiita sisi esansi. Huku Kongo tukisema petroli, mara nyingi twataja mafuta ya taa. Mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa akiomba petroli, mwulize kwanza ataitumia kwa kazi gani. Esansi ikitiwa katika taa kwa kukosea jina, taa hiyo yaweza kulipuka mkononi mwa mama. Katika somo hili tutasema esansi, mafuta ya taa na mazuti, ili pasiwe na shaka.

1. KINACHOWAKA NI MVUKE

Fikiri habari ya mawese. Yakiwa baridi katika sufuria, hayashiki moto wa njiti ya kibiriti. Lakini yakisahauliwa jikoni mpaka yatoe moshi, huwaka ghafula. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yenyewe hayawaki. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake, na mawese hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate moto sana.

Mazuti nayo hutaka joto la digrii 50 na zaidi kabla ya kutoa mvuke wa kuwaka. Mafuta ya taa hutaka digrii 40 hivi. Lakini esansi hutoa mvuke huo hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi inayopita ya barafu. Basi hapa kwetu kando ya Ziwa Tanganyika esansi iko tayari kuwaka usiku na mchana, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Tena mvuke huo hauonekani kwa macho. Ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Hushuka, hutambaa chini, hufuata mfereji, huingia mlangoni na kukaa katika mabonde. Ukikuta kaa la moto katika jiko la jirani, utawaka pale, na moto utarudi mbio kwa njia ileile mpaka mahali esansi ilipomwagika. Ndiyo sababu mtu asiseme, "Moto uko mbali nami." Aulize mvuke umefika wapi.

2. HABARI YA SANGE

Tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la kuchukua mafuta lilipinduka katika Sange, kaskazini ya Uvira, katika bonde la Ruzizi. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na vyombo vyao kuteka, na wengine wakaja kutazama tu. Wengine walikuwa wamekusanyika vibandani kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukawaka, ukawapata waliokuwa wakiteka, ukafikia na nyumba za watu. Waliokufa walipita 230, wake kwa waume na watoto. Wengi hawakuweza kutambulikana, wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Usidhani ni Sange peke yake. Tarehe 31 Januari 2009, katika Sachangwan nchini Kenya, lori lilipinduka, watu wakateka, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 10 Agosti 2019, katika Msamvu mjini Morogoro, Tanzania, ikawa vivyo hivyo, na hapo pia walikufa zaidi ya 100. Nchi ni tatu, lakini habari ni moja: lori limeanguka, mafuta yanatiririka, watu wanakimbilia kuyateka.

Labda mtu atasema, "Esansi hii inapotea bure, nami sina fedha ya chumvi." Neno hilo si la mpumbavu, shida tunaijua sote. Lakini tufanye hesabu pamoja. Bidoni moja itakulisha siku chache. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hukaa hospitali wiki nyingi au miezi, naye akipona, mara nyingi vidole vyake hukunjamana asiweze kushika jembe wala wavu. Gharama hiyo hailipwi kwa bidoni moja, wala kwa kumi.

Kumbuka pia ya kuwa penye umati hakuna awezaye kulinda moto usizuke. Hata ukiwa wewe mwangalifu, mwingine ataleta sigara, mwingine atawasha pikipiki, mwingine atagonga chuma kwa chuma ili afungue tangi. Cheche moja yatosha kwa wote.

3. LORI LA MAFUTA LIKIPINDUKA

Shika mambo haya kwa mpango wake.

Kwanza, usikaribie. Wazima moto wa Marekani, Kanada na Meksiko wana kitabu cha maelekezo ya hatari za namna hii. Chasema watu wakae mbali angalau mita 50 kila upande wa mafuta yaliyomwagika. Yakiwa mengi, walio upande unakoelekea upepo waondolewe mpaka mita 300. Tangi likiwa katika moto, watu wote wakae mita 800 mbali, kwa maana tangi lenyewe laweza kupasuka.

Pili, tazama upepo kabla ya kukimbia. Angalia majani ya migomba au vumbi la barabara. Mara nyingi mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hushuka kutoka milimani. Lakini usitegemee desturi, tazama kwa macho. Nenda upande upepo unakotoka, au ukate kando yake. Panda penye mwinuko. Usishuke katika mfereji wala katika bonde, wala usikimbilie ufuko kama mafuta yanatiririka kwenda ziwani, kwa maana esansi huelea juu ya maji na kuwaka huko.

Tatu, katika nyumba zilizo karibu, watu watoke mara moja. Wasiwashe taa wala kuizima, wasipige simu pale, wasirudi kuchukua vitu. Katika nyumba za mbali zaidi, ambako harufu haijafika, wazime makaa kwa mchanga, kisha waondoke.

Nne, watumwe watu wenye akili, wawili huku na wawili kule, wasimamishe magari na pikipiki mbali. Wengine wampelekee habari mkubwa wa kijiji, polisi, Msalaba Mwekundu na hospitali. Simu ipigwe mkiisha kufika mbali.

Tano, dereva akiwa hai, mwite kwa sauti atoke na kuwafuata. Usikanyage penye esansi ili kumfikia. Watu wawili wakiungua badala ya mmoja, hakuna aliyeokolewa.

Sita, watoto wazuiwe. Wazee, walimu na mama wa kanisa wasimame njiani wawarudishe. Mtoto hukimbilia mahali anapoona watu wazima wakikimbilia.

4. NYUMBANI NA CHOMBONI

Esansi isilale katika nyumba wanamolala watu, wala jikoni. Ikae nje kivulini, katika bidoni yenye kifuniko kizima, mbali na watoto. Usiiweke katika chupa ya maji ya kunywa. Usitie esansi katika mota au pikipiki inayonguruma. Izime, ingoje ipoe. Kazi hiyo ifanyike mchana, si kwa mwanga wa taa ya moto.

Usivute esansi kwa kinywa katika mpira. Ikiingia katika mapafu huleta ugonjwa mkubwa wa kifua. Aliyeimeza asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta. Apelekwe hospitali upesi, hata kama bado hakohoi.

Ikimwagika kidogo, zima kila moto ulio karibu, fungua milango, toa watu, kisha mwaga mchanga au udongo mkavu juu yake. Ukiisha kunywa mafuta, uchote na kuupeleka mbali na nyumba na visima. Nguo iliyolowa uivue na kuianika nje, mbali na jiko.

Moto mdogo wa esansi au wa mawese usiumwagie maji. Esansi huelea juu ya maji na kusambaa. Mawese yenye moto huruka. Funika sufuria kwa kifuniko na kuondoa moto chini yake. Moto wa chini ufunike kwa mchanga mwingi. Ukiona umekuzidi kimo, acha mali, toa watu.

5. KUMSAIDIA ALIYEUNGUA

Mtu akishikwa na moto, asikimbie. Alale chini ajiviringishe, nawe umfunike kwa blanketi zito mpaka moto uzimike.

Hapo sasa maji ndiyo dawa. Hayafai kwa moto wa esansi, lakini yafaa sana kwa ngozi iliyoungua. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa muda wa dakika 20. Hata zikipita saa, bado yasaidia mpaka saa ya tatu tangu kuungua. Vua nguo, pete na bangili mapema kabla mwili haujavimba; lakini nguo iliyoshikana na ngozi iache. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, mtoto hasa, asishikwe na baridi.

Usipake dawa ya meno, wala mawese, wala majivu, wala yai, wala samadi. Vitu hivi hufungia joto ndani, huleta uchafu katika kidonda, na humficha daktari asione kidonda kilivyo. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa. Akiwa na akili zake na aweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo njiani.

Mlete hospitali kila aliyeungua mahali pakubwa kuliko kiganja chake, au usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Na kila mtoto mchanga. Mwenye sauti iliyokwaruza au masizi puani aletwe mbele ya wote, hata kama ngozi yake ni nzima, maana koo laweza kuvimba na kuziba. Mwulize daktari habari ya sindano ya pepopunda.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Ni nini kiwakacho, esansi au mvuke wake? Mvuke huo huenda juu au chini?
2. Lori likipinduka barabarani sasa hivi, upepo unatoka wapi, nasi tutakimbilia wapi?
3. Ni nani atakayewashika watoto?
4. Bidoni yetu ya esansi imelala wapi usiku huu?
5. Maji hayafai kwa moto gani, na yafaa kwa nini?

Swali la nne msilijibu kwa kinywa tu. Ondokeni mkatazame, na kama bidoni imo ndani, itoeni kabla ya kuwasha taa.