Kurisiti Kidato cha Sita: Alama Hupandaje?

Swali: Mtahiniwa aliyepata D na E afanyeje ili marudio yampandishe?

Jibu: Katika udahili wa vyuo vikuu Tanzania, D ni pointi 2 na E ni 1, jumla 3, wakati shahada nyingi hudai angalau 4 katika masomo mawili. Pengo ni pointi moja. Kukariri upya madaftari yaleyale huzaa matokeo yaleyale, na hapo ndipo wengi hupoteza mwaka mzima. Kazi ianzie kwenye taarifa za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza makosa yaliyofanywa swali kwa swali. Kisha mitihani iliyopita ifanywe kwa muda kamili, bila daftari, na kusahihishwa na mwalimu mkali. Mada dhaifu zitangulie.