Chokaa na Unga wa Mawe: Pima Udongo Kwanza

Wakulima wengi wa mboga wasiotumia mbolea za chumvichumvi huuliza kama wanaruhusiwa kutia chokaa na unga wa mawe bustanini. Ndiyo, kwa kuwa vitu hivi huchimbwa ardhini na kusagwa tu. Lakini kila kimoja kina kazi yake, na ukishakitia huwezi kukitoa tena.

Chokaa hupunguza asidi ya udongo. Katika sehemu zenye mvua nyingi, kama Kakamega, Kericho na Murang'a, mvua huiosha chokaa iliyomo ardhini ikateremka chini sana. Hapo udongo huwa na asidi, na sukumawiki hudumaa hata ukitia samadi.

Unga wa mawe ya fosfeti, kama ule unaochimbwa Minjingu, Tanzania, una fosforasi, chakula cha kukuza mizizi. Lakini mawe haya huyeyuka polepole, na kinachoyayeyusha ni ile asidi ya udongo. Basi ukiyatia pamoja na chokaa, asidi itapungua na unga utakaa bure kama mchanga. Fedha zako zimepotea. Ukihitaji vyote viwili, tia fosfeti kwanza, na chokaa ingoje msimu mwingine.

Kumbuka pia kwamba majivu ya kuni hufanya kazi kama chokaa. Usiyarundike juu yake.

Sasa fanya hivi:

1. Chimba mahali 10 bustanini, kina cha sentimita 15 hadi 20. Changanya udongo huo katika ndoo safi, kisha peleka nusu kilo kupimwa, kwa mfano KALRO, Kabete.

2. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, chokaa inahitajika. Kikiwa 6 au zaidi, usitie. Ukiambiwa tani 1 kwa eka, hiyo ni kama kilo 2½ kwa tuta la mita 1 kwa mita 10.

3. Nunua chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka nyumba, ambayo huunguza. Ichanganye na udongo wiki chache kabla ya kupanda. Usiitie pamoja na samadi mbichi, kwani nguvu ya samadi itapotea hewani.

Tena usiache kutia samadi na mboji kila msimu. Mawe hutengeneza udongo. Samadi ndiyo inayoulisha.