Somo kwa walimu na wazazi: Yaliyo mikononi mwa mtoto



Somo hili ni la watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Linahusu uchaguzi na bidii: namna mambo madogo anayofanya mtoto leo yanavyojenga kesho yake. Tumelitayarisha tukiifikiria Kitshanga, katika Masisi, lakini linaweza kufundishwa popote ambapo watoto wameonja vita.

Ugumu wa somo hili

Wazee husema: achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Ni methali nzuri, na mtoto anapaswa kuijua. Lakini Kitshanga wako watoto waliowaona wazazi wao wakichanika kwenye mpini, kisha wakayaacha maharagi shambani na kukimbia. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2013, mapigano katikati ya jeshi la serikali na kundi la APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mwezi wa Januari 2023, M23 ilipouteka mji, maelfu ya watu walikimbia tena. Kwa miaka mingi kambi za Mungote na Kahe zilijaa watu waliokuwa wakulima hodari kwao.

Kwa hiyo mwalimu ajihadhari na makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kumwambia mtoto kwamba kila mwenye bidii hufanikiwa. Mtoto ambaye nyumba yao iliungua atajiuliza: basi sisi tulikosa nini? Atabeba lawama isiyo yake.

Kosa la pili ni kumwambia kwamba hakuna awezalo kufanya, kwamba yote yako mikononi mwa wakubwa na wenye silaha. Mtoto akiamini hivyo huacha kujitahidi. Akifika miaka 13 au 14, na mtu akamwahidi chakula na bunduki, hataona njia nyingine. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumwandikisha mtu asiyetimiza miaka 18 katika jeshi au kundi lolote lenye silaha. Lakini mtoto anahitaji pia kujua, tangu udogo wake, kwamba ana uwezo wa kuchagua.

Lengo la somo

Mwishoni mwa somo mtoto aweze kutofautisha mambo matatu: yaliyo mikononi mwangu, yaliyo mikononi mwetu pamoja, na yasiyo mikononi mwangu.

Vifaa

Mikebe mitupu iliyotobolewa chini, udongo, maharagi, maji na chaki.

Hatua ya 1: Kupanda

Wagawe watoto wawili wawili. Changanya wale wanaosema Kihunde, Kinyarwanda na lugha nyingine nyumbani, bila kuwaeleza sababu. Kila kundi lipande maharagi matatu katika mkebe wake na kuuweka mahali penye mwanga. Watoto wapokezane kumwagilia, na kila anayemwagilia aweke alama ya chaki ukutani. Mkebe mmoja wa darasa usimwagiliwe kabisa.

Hatua ya 2: Kuangalia

Baada ya siku 10 hivi, keti nao mbele ya mikebe. Uliza: Mnaona nini? Mkebe ambao haukupata maji ukoje? Watoto wataona wenyewe kwamba kazi ndogo ya kila siku inazaa kitu. Hilo ndilo fundisho la kwanza, na ni la kweli.

Mara nyingi utakuta pia mkebe uliomwagiliwa vizuri ambao haukuota hata mmoja. Usiuondoe. Uliza: Je, wenzetu hawa walikuwa wavivu? Hesabuni alama zao za chaki pamoja. Waeleze kwamba labda mbegu zililiwa na wadudu kabla ya kupandwa. Kisha uliza: Sasa tufanye nini? Nyamaza, uwape muda. Wengine watasema tupande tena, wengine watasema tuwagawie mche mmoja. Waache waamue na watekeleze. Hapo wanajifunza fundisho la pili: bidii ya mmoja inaweza kupotea bila kosa lake, na wenzake wanaweza kumwinua.

Hatua ya 3: Duara tatu

Chora duara tatu uwanjani, moja kwa kila jambo katika yale matatu. Soma sentensi, watoto wakimbilie duara wanayoona inafaa:

- Mvua imeharibu njia ya shule.
- Kusoma ukurasa mmoja jioni.
- Kumcheka mwenzangu kwa sababu ya lugha yake.
- Kusafisha darasa letu.
- Baba hana kazi.

Wakitofautiana, kila upande ueleze sababu yake. Usitaje vita wewe mwenyewe. Mtoto akivitaja, msikilize mpaka amalize, umwambie wazi mbele ya wenzake kwamba hilo halikuwa kosa lake. Usimlazimishe aendelee, na baada ya darasa zungumza na wazazi au walezi wake.

Hatua ya 4: Neno «halafu»

Simulia kisa hiki: Msichana yuko kwenye foleni ya maji na bidoni yake. Mvulana anampita na kuweka yake mbele. Msichana anaweza kufanya nini? Pokea kila jibu: kumsukuma, kunyamaza, kumwambia, kumwita mtu mzima. Kwa kila jibu uliza «halafu?» mara tatu. Halafu mvulana atafanya nini? Halafu ndugu zake? Halafu kesho mkikutana? Usiseme lipi ni sawa kabla hawajafika mwisho wa kila njia. Mtoto aliyezoea kujiuliza «halafu?» kwenye foleni ya maji atajiuliza hivyo pia siku ya jambo kubwa zaidi.

Sehemu ya wazazi

Mtoto akifanya vizuri, sifu kazi aliyofanya: «Umerudia mara tatu mpaka umeweza.» Ukimwambia tu kwamba ana akili, atakaposhindwa atadhani akili imekwisha.

Mpe uchaguzi mdogo kila siku, na umwache aone matokeo yake.

Kumbuka kwamba bidii inahitaji muda. Msichana anayeteka maji, kubeba mdogo wake na kupika mpaka usiku hawezi kusoma, hata akitaka. Gawa kazi hizo na kaka zake.

Nasi watu wazima tuna duara letu. Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na utekelezaji wake ulitangazwa kwa mwaka wa shule 2019-2020. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa, asiambiwe kwamba hakujitahidi. Hilo ni jambo la kuulizwa na wazazi pamoja, kwa heshima, katika kikao cha shule.

Maswali ya kikao cha wazazi

1. Ni jambo gani tunawalaumu watoto wetu nalo, kumbe haliko mikononi mwao?
2. Ni uchaguzi gani tunawafanyia ambao wangeweza kuufanya wenyewe?
3. Mwaka huu, mkebe wa nani katika mtaa wetu haukuota, na sisi tutamgawia nini?