Ramani ya Vikopo Nilivyovipata

Mchezo wa kutafuta vikopo vilivyofichwa ulianza Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya huko kuacha kupotosha ishara za setilaiti kwa watu wa kawaida. Kila kikopo hutafutwa kwa latitudo na longitudo yake.

Mimi nimepata 14 hapa Uganda, nikataka kujua vimetawanyikaje. Nilichora mistari, nikatia nukta. Kumbukeni, dakika 1 ya latitudo ni kilometa 1.85 hivi. Kikopo cha Masaka kiko dakika 20 kusini ya ikweta. Kwa haraka yangu niliandika “kaskazini”, nukta ikaruka kilometa 74! Basi, ninyi mkaao karibu na ikweta, andikeni upande kwanza, tarakimu baadaye.

Nilipomaliza, niliona haya. Nukta zote zilifuatana na barabara ya lami toka Kampala mpaka Masaka, kama shanga katika uzi. Nilikuwa nikijigamba kwamba naijua nchi. Kumbe nilijua barabara tu. Likizo ijayo nitashuka katika basi mapema, niende kwa miguu.