Kubandua Rangi na Kung'arisha Makava ya Injini ya Pikipiki

Katika pikipiki ya kazi, rangi ya makava ya injini huwahi kuchakaa. Kiatu cha dereva huyasugua, tope huyachubua, na petroli inayomwagika huacha mabaka. Baadhi ya wamiliki huamua kubandua rangi yote ili alumini yenyewe ing'ae. Hatuna pingamizi na uamuzi huo. Tunalolitilia shaka ni dawa inayotumiwa, kwa kuwa mara nyingi mteja haioni wala haiulizi.

Dawa ya bei nafuu zaidi ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Huibandua rangi kweli, lakini haiishii hapo: hula alumini, huliacha kava likiwa jeusi lenye vishimo, na hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto upesi. Vishimo hivyo haviondoki kwa kung'arisha, na sehemu ya kukalia gasketi ikiliwa, oili itavuja. Fundi akikuambia kwamba ataliloweka kava kwenye kostiki usiku kucha, lichukue uondoke nalo.

Dawa nyingine ni zile za kopo zinazoifanya rangi ivimbe kama malengelenge. Soma lebo. Ukiona jina diklorometheni, ambalo pia huandikwa methilini kloraidi, fahamu kwamba mvuke wake ukivutwa, mwili huugeuza kuwa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, mahali fundi alipochuchumaa. Kitambaa puani hakiuzuii, na glavu nyembamba za hospitali hupenywa upesi. Mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa kawaida dawa za kubandua rangi zenye kemikali hiyo, baada ya vifo vya watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo isinunuliwe kabisa, hata kama muuzaji ni jirani unayemwamini.

Kabla ya kupaka chochote, hakikisha kwamba kilichopo ni rangi. Kava lililopakwa kromu halibanduliwi, msasa utaliharibu. Katika baadhi ya pikipiki kubwa za mashindano, makava hutengenezwa kwa magnesiamu, ambayo vumbi lake huwaka kwa ukali na maji huuchochea moto huo. Sumaku haitakusaidia kuitofautisha na alumini, kwa kuwa haishiki yoyote kati ya hizo. Tafuta jibu kwenye kitabu cha pikipiki.

Rangi ikishatoka, kava huoshwa kwa maji mengi, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji: namba 400, 600, 1000, halafu 2000. Siri, kama ipo, ni kutohamia namba inayofuata mpaka mikwaruzo ya namba iliyotangulia iishe. Ndipo dawa ya kung'arishia vyuma ipakwe kwa kitambaa laini. Anayeharakisha hatua ya 400 ataiona mikwaruzo yake juani hata baada ya saa mbili za kung'arisha. Upande wa ndani na ukingo wa gasketi usiguswe kwa msasa.

Katika makubaliano na fundi, uliza kama bei inajumuisha gasketi mpya na oili. Kava la klachi likifunguliwa, oili humwagwa kwanza, na gasketi ya zamani mara nyingi huchanika. Kabla ya kufungwa, kava lioshwe tena ndani na nje, kwa maana chembe za msasa zikiingia kwenye oili husaga vyuma vya injini. Dai risiti inayotaja kazi na vipuri, na picha za kava kabla ya kazi zitakusaidia ukilazimika kulalamika.

Alumini isiyo na rangi hufifia, na katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa chumvi ya hewani huiharakisha. Asiye na nafasi ya kuling'arisha kava lake mara kwa mara atapata nafuu zaidi kwa kulipaka upya rangi inayostahimili joto.